Saa ya Kura Iko Mkononi mwa Nani?

Alhamisi ya Desemba 12, 2019, Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilianza kikao saa tatu asubuhi. Saa tano usiku ilipopita, wajumbe walikuwa bado vitini. Mbele yao kulikuwa na vifungu viwili vya mashtaka ya kumwondoa madarakani Rais Donald Trump: kimoja cha matumizi mabaya ya madaraka, kingine cha kulizuia Bunge kufanya kazi yake. Marekebisho ya wajumbe wa Republican, likiwemo la Jim Jordan la kukifuta kabisa kifungu cha kwanza, yalikuwa yamekataliwa moja baada ya jingine. Kilichobaki ni karani kuita majina. Hapo ndipo Mwenyekiti Jerrold Nadler alipotangaza kwamba kura itapigwa kesho yake saa nne asubuhi, akagonga nyundo, kikao kikaishia hapo. Doug Collins, kiongozi wa Warepublican katika kamati hiyo, aliwaka hasira. Alisema hakuna aliyemshirikisha.

Kesho yake shughuli ilimalizika kwa dakika chache. Kura 23 za ndiyo, 17 za hapana, kwa kila kifungu. Kamati ilikuwa na wajumbe 41, wa Democratic 24 na wa Republican 17, na Mdemocratic mmoja hakuwapo kwa sababu ya matibabu. Hata mtoto wa shule angeweza kuyataja matokeo hayo wiki moja kabla. Sasa kama matokeo yalijulikana, watu wazima waligombania nini hadi usiku wa manane?

Waligombania saa, na mimi nasema walikuwa na haki ya kuigombania. Kura inayopigwa watu wamelala huonekana kama jambo lililofichwa, ile ya saa nne asubuhi huonekana kama jambo lililotafakariwa. Anayeshindwa naye anataka nchi imwone akipinga. Kwa hiyo anayechagua saa anachagua pia nani atashuhudia, nani atakuwa na nafasi ya kujibu, na gazeti la kesho litaandika nini kwanza.

Tuangalie jinsi kamati ya aina hii inavyoifikia kura. Katika Baraza la Wawakilishi, hoja ya marekebisho ikitolewa, kila mjumbe anaweza kuomba dakika tano za kuijadili. Zidisha tano kwa 41: dakika 205, yaani zaidi ya saa tatu kwa rekebisho moja, kabla ya kulipigia kura. Wajumbe wachache wenye subira na marekebisho matano wanaweza kuila siku nzima bila kuvunja kanuni hata moja. Upande wa wengi una dawa yake, hoja ya kufunga mjadala, lakini ni dawa kali. Ukiitumia mapema katika shauri la kumwondoa rais, wananchi wataona umewaziba wenzako mdomo. Ndiyo maana wenyeviti wengi huamua kuvumilia, wakiacha mjadala ujimalize wenyewe.

Halafu kuna mamlaka ambayo watu wengi hawayajui. Kanuni zinamruhusu mwenyekiti kutangaza mapumziko, na zinamruhusu kusogeza mbele kura ya majina hata mjadala ukiwa umekwisha. Collins hakuwa na hoja ya utaratibu ya kumzuia Nadler usiku ule. Aliweza kupiga kelele tu, na alipiga. Kwa maoni yangu Nadler alikuwa sahihi kuhusu asubuhi: jambo zito namna ile halikustahili kuamuliwa karibu na usiku wa manane na watu waliochoka baada ya takriban saa 14 za mabishano. Alikosea kutangaza bila kumwambia kwanza kiongozi wa upande wa pili. Neno moja la pembeni lingetosha, na lisingembadilishia chochote katika hesabu ya kura.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na ugomvi mwingine wa tarehe ambao mimi nauona mzito zaidi. Kanuni za Baraza zinawapa wajumbe walio wachache haki ya kudai siku yao ya kuita mashahidi. Warepublican waliidai. Nadler akaamua kwamba kanuni haisemi siku hiyo lazima itangulie kura ya vifungu. Kwa maandishi ya kanuni, alikuwa na pa kusimamia. Lakini fikiria maana yake: una haki ya kuleta mashahidi, ila wanaweza kusikilizwa baada ya hukumu. Haki isiyo na tarehe inamwachia mwenye kalenda aamue kama itakuwa na faida yoyote.

Wademocratic wa zama nyingine waliitumia kalenda kwa ukali kuliko huo, na safari ile walioumia hawakuwa wabunge. Howard Smith wa Virginia aliongoza Kamati ya Kanuni kuanzia mwaka 1955 hadi 1967. Miswada mingi mikubwa hupita katika kamati hiyo kabla ya kufika kwenye Baraza zima, nayo ndiyo hupanga utaratibu wa mjadala. Mwaka 1957, muswada wa haki za raia ulipokuwa unasubiri, Smith aliondoka Washington akieleza kwamba ghala la shamba lake la ng'ombe wa maziwa limeungua. Mwenyekiti hayupo, kikao hakuna. Hakuhitaji kuushinda muswada kwa kura wala kwa hoja, alihitaji kutokuwapo tu. Watu weusi wa kusini mwa Marekani, waliokuwa wananyimwa haki ya kupiga kura, wakaendelea kusubiri kwa sababu mtu mmoja hakuitisha kikao.

Spika Sam Rayburn hakupata njia ya kumlazimisha. Januari 1961 alifanya jambo jingine: aliomba Baraza lipanue kamati kutoka wajumbe 12 hadi 15, ili Smith na washirika wake wasiweze tena kuizuia kwa urahisi. Alishinda kwa kura 217 dhidi ya 212. Tofauti ya watu watano, na Spika mwenyewe akiwa ndiye mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote katika Baraza lile!

Kanuni za leo zina njia za kuupunguza mwanya huo. Wajumbe watatu wa kamati wanaweza kumwandikia mwenyekiti wakitaka kikao maalumu. Siku tatu zikipita bila yeye kuitisha kikao kitakachofanyika ndani ya siku saba, wengi wa kamati wanaweza kukiitisha wenyewe. Wabunge 218 wakitia saini, muswada unaweza kutolewa mikononi mwa kamati kabisa. Njia hizi hutumika kwa nadra, kwani mbunge anayesaini karatasi ya namna hiyo dhidi ya mwenyekiti wa kamati aliye wa chama chake anajua atalipia. Hata hivyo kuwapo kwa njia hizo kunamfanya mwenyekiti ahesabu kabla ya kukimbilia shambani.

Katika Seneti ugomvi mara nyingi huwa wa kinyume: walio wachache wanalia kwamba kura inakuja haraka mno. Oktoba 2020 Kamati ya Sheria ya Seneti, chini ya Lindsey Graham, ilikuwa inashughulikia uteuzi wa Amy Coney Barrett kwenye Mahakama ya Juu, uchaguzi mkuu ukiwa wiki chache mbele. Kanuni za kamati zinamruhusu mjumbe kuomba jambo lisogezwe mbele kwa wiki moja. Graham akauweka uteuzi huo kwenye ratiba ya Oktoba 15, mapema kabisa, ili wiki hiyo ianze kuhesabiwa, na kura ikapangwa Oktoba 22 saa saba mchana. Kanuni za kamati zilitaka wajumbe wawili wa upande wa wachache wawepo ili akidi itimie. Wademocratic wote kumi wakasusia na kuweka picha za wananchi kwenye viti vyao. Graham akaendelea bila wao, Warepublican 12 kati ya wajumbe 22 wakiwa ndani, idadi iliyotosha kwa kanuni za Seneti nzima. Kura 12 kwa sifuri. Kanuni ya akidi iliandikwa ili pande zote mbili ziwemo kura inapopigwa, na siku ilipojaribiwa kwa jambo zito haikulinda kitu.

Kenya ilichagua njia nyingine, na wasomaji wetu wanaijua. Ibara ya 145 ya Katiba ya 2010 inaruhusu Seneti kuunda kamati maalumu ya wajumbe 11 kuchunguza mashtaka dhidi ya rais, na inaipa siku kumi kutoa ripoti. Hapo mwenyekiti hawezi kuyakalia mashtaka kama Smith. Ila siku si saa. Oktoba 2024, katika shauri kama hilo dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua, Seneti ilisikiliza yenyewe bila kamati. Tarehe 17, alipotarajiwa kujitetea, mawakili wake walisema amelazwa hospitalini. Pendekezo la kuahirisha hadi Jumamosi likakataliwa, na usiku huo huo maseneta wakapiga kura na kuyakubali mashtaka matano kati ya 11.

Ningependa kila kamati ya bunge iandike kwenye ilani ya kikao saa ambayo kura haitapigwa kabla yake, na mwenyekiti anayetaka kuibadilisha alazimike kuwaarifu viongozi wa pande zote kwa maandishi, sababu ikiingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Wenyeviti watapinga kwamba mjadala hautabiriki, na ni kweli. Ndiyo sababu ninachotaka kiandikwe ni mwanzo wa kura, na mwisho wa mjadala uendelee kubishaniwa kama kawaida.