Bila Kivuli, Nakshi ni Ubao Mtupu

Wengi wenu, wasomaji, mna milango ya nakshi majumbani, au mliizoea kwa babu zenu. Leo nawapa nasaha niliyoinunua kwa hasara.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ina mlango wa kuchonga. Mfaa wake, ule mti wa kati uliojaa nakshi toka juu hata chini, uliliwa na mchwa. Fundi akasema hauponi. Ataung'oa achonge mwengine kwa kuufuatisha. Nami nikajitia ujuzi: usiku nikasimama mbele yake na kamera, nikapiga picha kwa taa ya kamera yenyewe. Kesho yake mti ulipong'olewa ulimomonyoka wote.

Fundi aliitazama picha, akanirudishia. "Bwana, hapa naona mistari tu. Lipi ua, lipi shimo? Patasi yangu iingie wapi?"

Sikuwa na jawabu. Magharibi ilipoingia akanipeleka mlangoni, akazima taa, akaimulika nakshi ya ubao wa juu kwa kurunzi. Alipoimulika kutoka mbele, nakshi ilififia. Alipoisogeza kurunzi ubavuni, karibu na ukuta, maua yakainuka na kila mfereji ukajaa giza. Mti ni ule ule. Kilichozidi ni kivuli.

Sababu ni hii. Picha ni karatasi bapa, haina kina. Jicho hukisia kina kwa kutazama mwanga umeishia wapi na kivuli kimeanzia wapi. Taa ikiwa pamoja na kamera, vivuli hujificha nyuma ya vitu vyenyewe. Ikiwa ubavuni, kila kilichoinuka hutupa kivuli upande wa pili, na kadiri mwanga unavyolala ndivyo kivuli kirefukavyo, hata mkwaruzo wa patasi ukaonekana. Tena mwanga utoke juu kidogo, kwani jicho limezoea jua la mbinguni. Ukitoka chini, shimo huweza kuonekana kama kifundo, na kifundo kama shimo.

Elimu hii si ngeni kwetu. Yapata miaka elfu moja iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza katika Kitab al-Manazir kuwa twaona kwa mwanga utokao kwenye vitu ukaingia machoni. Nasi chuoni tulisoma, katika Sura ya Al-Furqan, kuwa jua ni dalili ya kivuli. Nilihifadhi nisizingatie.

Sehemu zilizosalia tulizipiga picha usiku uo huo, kurunzi ikiwa ubavuni. Mfaa fundi aliuchonga kwa kukisia. Ni mzuri, na wageni wausifu. Lakini shangazi yangu, ambaye macho yamempungua, aliupapasa kwa vidole, akasema: "Mwanangu, huu siwo."

Basi ewe mwenye mlango, ngojea jua la asubuhi au la alasiri lipite ubavuni mwa ukuta, au shika kurunzi yako. Upige picha leo, kabla mchwa hawajakutangulia.