Guangzhou hadi Dubai: Saa ya Tiketi Si Muda wa Safari

Swali ni lile lile, na wafanyabiashara wanaopitia Dubai kwenda Guangzhou hawachoki kuliuliza: mbona kwenda ni saa 11 na kurudi ni saa 4 na nusu tu? Anayeuliza huwa na jibu lake tayari: dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayoelekea magharibi hupokewa na Dubai njiani. Jibu hilo limezaliwa na hesabu mbovu. Viwanja vya ndege vya miji hii miwili vimeachana takriban kilomita 5,800. Ndege ikiondoka Dubai saa 4 asubuhi, hutua Guangzhou saa 3 usiku. Ikiondoka Guangzhou saa 6 usiku, hutua Dubai saa 10 na nusu alfajiri. Lakini China iko mbele ya Dubai kwa saa 4. Zitoe katika safari ya kwenda, ziongeze katika ya kurudi: kwenda ni kama saa 7, kurudi ni kama 8 na nusu. Upande unaosifiwa kwa haraka ndio unaochelewa.

Tuseme imani hiyo ni kweli, tuone inatufikisha wapi. Ardhi ya Dubai huzunguka kwa takriban kilomita 1,500 kwa saa, na ndege ya abiria hukata kama 900. Kama dunia ingeiacha ndege nyuma, anayekwenda mashariki angerudishwa nyuma badala ya kuikaribia Guangzhou, na anayerudi angetua Dubai kabla ya saa 2 na nusu kwisha. Helikopta iliyotulia juu ya mtaa wa Deira, Dubai, kwa saa moja ingejikuta karibu na Madina. Hayo hayajatokea hata siku moja, kwa kuwa hewa na ndege vinazunguka pamoja na ardhi tangu kabla ya kuruka. Kondakta akirusha sarafu ndani ya basi lililo kwenye mwendo, sarafu humrudia mkononi, haiendi kwa abiria wa nyuma.

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12 kuna mkondo wa hewa unaovuma kutoka magharibi, na wakati wa baridi huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa maputo katika miaka ya 1920. Mtu atasema: lakini si mzunguko wa dunia unaoupinda upepo huo? Ndiyo, unaupinda. Ila kinachoisukuma ndege ni upepo, na ushahidi ni majira: wakati wa kiangazi cha Asia mkondo huo huhamia kaskazini na kudhoofika, na tofauti ya kwenda na kurudi hupungua. Dunia haipunguzi mwendo mwezi Julai.

Basi fanya hivi. Soma muda wa safari ulioandikwa kwenye tiketi, usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Kumbuka Dar es Salaam na Nairobi ziko nyuma ya Dubai kwa saa 1, na nyuma ya China kwa saa 5. Linganisha njia kwa jumla ya saa, kusubiri kukiwemo. Na ukirudi Januari, acha nafasi ya kutosha kabla ya ndege ya kuunganisha.