Namba ya CRP na Moyo wa Mkaazi wa Nairobi

Maabara katikati ya jiji la Nairobi na kule Westlands na Parklands hupima CRP, protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili unapopigana na vijidudu au jeraha. Kwa upande wa moyo, mizani iliyoenea ni ya Marekani: chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, zaidi ya 3 ni hatari kubwa. Watafiti wa huko wamekuta mara kwa mara kwamba Wamarekani weusi wana CRP ya juu kuliko weupe, na wapo waliohitimisha kwamba damu ya mtu mweusi ndivyo ilivyoumbwa. Hoja hiyo haisimami, na ushahidi wa kuitilia shaka uko hapa hapa Kenya. Mwaka 1929 daktari Donnison alichapisha vipimo vya presha vya watu 1,000 wa Nyanza, na presha yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Mwaka 1990 Poulter na wenzake walichapisha habari za Waluo waliohamia Nairobi. Miezi michache tu baada ya kufika, presha yao ilikuwa imepita ya wenzao waliobaki kijijini. Mkojo wa wahamiaji hao ulikuwa na chumvi zaidi, na moyo wao ulipiga haraka zaidi. Ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha.

Mtu atasema presha si CRP. Ni kweli, lakini presha iliyo juu kwa muda mrefu huchubua ukuta wa ndani wa mshipa, mafuta yakapenya, chembe nyeupe zikayafuata, na hapo uvimbe ukaanza. Kitambi nacho hutoa kemikali zinazoliamuru ini litengeneze CRP. Wengine hujibu kwamba tafiti za jeni zimeonyesha CRP yenyewe haizibi mishipa. Nakubali: CRP ni moshi. Moto wenyewe, yaani uvimbe, ulithibitishwa mwaka 2017, pale dawa ya kutuliza uvimbe, canakinumab, ilipopunguza mishtuko ya moyo bila kugusa kolesteroli, katika wagonjwa zaidi ya 10,000. Ila vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo, jambo zito katika jiji lenye kifua kikuu.

Hapo ndipo mizani ya kuazima inapotupotosha. Mama wa mtaa wa Kangemi anayepikia jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, huku akikohoa, anaweza kupata namba inayozidi 3 kwa sababu ya kifua chake. Malaria na fizi zilizooza hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2003 ulitaka CRP ipimwe mara mbili, wiki mbili zikipita katikati, na ikizidi 10 yatafutwe maambukizi kwanza. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujalipia CRP, pima presha. Mkanda hufungwa mkononi, na majibu hutoka kwa dakika chache.