Kutafuta Habari za Kikosi cha Baba

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika shule yetu wamo wanafunzi wengi ambao baba zao, babu zao au wajomba zao walikwenda katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Ukiwauliza habari za vita hivyo watakujibu vizuri yale yaliyomo katika kitabu cha historia: kwamba majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu, kwamba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kuwa tutampiga, na kwamba Kampala ilitekwa. Lakini ukiwauliza, "Mzee wako alikuwa katika kikosi gani, na alipita njia ipi?" wengi hunyamaza. Si ajabu, kwani wazee wenyewe si wasemaji wa mambo hayo. Nia ya makala hii ni kueleza jinsi mtu awezavyo kuitafuta historia ya kikosi cha mzazi wake, na faida aipatayo. Nitatumia mfano wa baba yangu, kwa kuwa ndio niujuao.

Baba alizaliwa mwaka 1958 wilayani Iramba. Hakuwa askari wa kazi. Alikuwa mkulima aliyepata mafunzo ya mgambo kijijini, akaitwa vitani pamoja na vijana wenzake mwishoni mwa mwaka 1978. Tangu tukiwa wadogo habari yake ya vita ilikuwa ni maneno mawili tu: "Tulilala majini." Hakuongeza neno. Tena nalijua kwamba watu walipokaa barazani wakizungumza habari za vita, na mmoja wao akasema kwamba mgambo walikimbia, Baba aliinuka akaenda zake. Hapo ndipo nilipoona kwamba yafaa nijue kikosi chake kilifanya nini hasa.

Jambo la kwanza ni kujua jeshi linavyopangwa. Askari wachache hufanya seksheni. Seksheni kadhaa hufanya platuni. Platuni hufanya kombania. Kombania hufanya batalioni. Batalioni hufanya brigedi. Na brigedi hufanya divisheni. Mpango huu ni lazima uujue, kwa sababu vitabu husimulia habari za brigedi na divisheni, ilhali mzee atakusimulia habari za seksheni na platuni yake. Yeye hakuiona brigedi. Aliwaona watu wanane au kumi waliokula naye sufuria moja. Kazi ya mtafutaji ni kuweka ngazi baina ya hao kumi na brigedi iliyoandikwa kitabuni. Mathalan, katika Divisheni ya 20, iliyoongozwa na Meja Jenerali David Msuguri, zilikuwamo Brigedi za 201, 207 na 208. Baba hakuikumbuka namba hata moja kati ya hizo. Alilikumbuka jina la utani la kamanda wa platuni yake.

Jambo la pili ni namna ya kuuliza. Usimwulize mzee tarehe, maana tarehe husahaulika upesi. Mwulize mahali na alama: mlivuka mto upi, daraja lilikuwa zima au limevunjika, mvua ilikuwa ikinyesha, mji mlioingia mliukuta katika hali gani. Mimi nalitumia likizo mbili kwa kazi hiyo. Nilimwuliza Baba jioni, tukiwa tunapukuchua mahindi, kwa kuwa mikono ikiwa na kazi mdomo nao hulegea. Mjomba aliniazima simu yake nikarekodi sauti, baada ya Baba kukubali. Nikapata alama nne. Kwanza, walipofika Kyaka daraja la Mto Kagera lilikuwa limevunjwa, wakavuka kwa daraja la muda. Pili, waliingia Masaka mji ukiwa umekwisha kutekwa, na majengo mengi yamebomoka. Tatu, mbele ya Masaka kulikuwa na barabara iliyozungukwa na maji na mafunjo pande zote mbili. Nne, hapo ndipo "walipolala majini."

Jambo la tatu ni kuzilinganisha alama hizo na tarehe zijulikanazo. Tarehe hizo zimo katika vitabu, na ni chache kiasi cha kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari. Majeshi ya Amin yaliingia eneo la kaskazini ya Mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba. Majeshi yetu yaliitwaa Mutukula, mpakani, Januari 1979. Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari, na Mbarara siku iliyofuata. Mapigano ya Lukaya yalikuwa tarehe 10 na 11 Machi. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na mapigano yakamalizika mwanzoni mwa Juni mwaka huo huo.

Sasa angalia jinsi alama inavyoweza kusema. Baada ya kuvuka mpaka, majeshi yetu yaligawanyika njia mbili. Waliokwenda Mbarara walikuwa chini ya Brigadia Silas Mayunga, na waliokwenda Masaka walishika njia nyingine. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba aliiona Masaka mwezi Februari, wala hakuiona Mbarara, umekwisha kuyaondoa majina mengi katika hesabu yako. Baba alivuka Kagera baada ya daraja kuvunjwa, na alifika Masaka baada ya tarehe 24 Februari. Na ile barabara ya majini, ukitazama ramani, ni ile ya Lukaya, iliyojengwa kwa kuinua udongo katikati ya kinamasi kuelekea Kampala. Bila ya kutaja tarehe hata moja, Baba alikuwa amenipa siku mbili za mwezi Machi.

Jambo la nne ni kumtafuta mwenzake na karatasi zake. Katika kijiji cha jirani yuko mzee mmoja aliyeitwa siku moja na Baba. Nilikwenda kumwamkia pamoja na Baba, nikakaa kimya wao wakazungumza. Mzee huyo aliitunza karatasi yake ya kuruhusiwa kurudi nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, darini, mahali ambapo mchwa hawakufika. Humo mliandikwa namba ya brigedi: 201. Karatasi za Baba zililowa mvua miaka mingi iliyopita. Lakini kwa kuwa wazee hao wawili walikuwa platuni moja, namba ya mmoja ni namba ya mwingine. Ndugu wanafunzi, mkirudi nyumbani tazameni masanduku ya wazee. Karatasi moja iliyokunjwa yaweza kuwa na thamani kuliko maneno ya mwezi mzima.

Jambo la tano ni kusoma. Viko vitabu vilivyoandikwa muda mfupi baada ya vita, kama vile Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, kilichotoka mwaka 1980, na War in Uganda cha Tony Avirgan na Martha Honey, kilichotoka mwaka 1982. Hao wawili walikuwa waandishi wa habari walioishi Dar es Salaam, na walikwenda Uganda wakati wa vita. Magazeti ya zamani, kama vile Uhuru na Daily News, nayo yafaa kusomwa katika maktaba zinazoyatunza. Lakini usitarajie gazeti la wakati wa vita likutajie namba za vikosi, maana adui naye husoma.

Na sasa nitaeleza yale niliyoyakuta juu ya Brigedi ya 201. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi hiyo ilikuwa Lukaya. Wengi wa askari wake walikuwa mgambo ambao hawakuwa wamepata kupigana hata siku moja. Askari wa Amin, wakisaidiwa na askari waliotumwa kutoka Libya, waliwafyatulia makombora mfululizo. Kishindo kilikuwa kikubwa mno. Safu zikavunjika, na watu wengi wakaingia kinamasini gizani. Hapo ndipo maneno ya barazani yanapokoma. Lakini habari haikukoma hapo. Usiku ule ule Brigedi ya 208, iliyokuwa ikizunguka mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa kugeuka. Kulipopambazuka tarehe 11 Machi ikamshambulia adui kutoka upande asioutazamia, na Brigedi ya 201, iliyokwisha kupangwa upya, ikashambulia kutoka mbele. Adui akatawanyika, na njia ya kwenda Kampala ikafunguka.

Niliitafsiri sehemu hiyo nikamsomea Baba. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza niirudie habari ya Brigedi ya 208. Akasema, "Mwanangu, asubuhi ile tulisikia mizinga ikilia kule mbele, nyuma ya adui. Tukadhani adui ameongezewa nguvu. Hata hivyo tulirudi barabarani. Kumbe walikuwa wenzetu!" Kwa miaka zaidi ya arobaini hakuwa akijua. Naye akanieleza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote: kwamba walipotoka majini hawakuweza kuonana kwa giza, basi kila mmoja akawa anawaita kwa sauti ya chini watu wa seksheni yake kwa majina, mpaka wakatimia. Mmoja hakuitika. Hayo ndiyo Baba aliyokuwa akiyanyamazia.

Basi hii ndiyo faida ya kazi yenyewe. Askari mmoja gizani huona hatua ishirini tu. Akiachwa na hatua hizo ishirini, aweza kuishi maisha yake yote akidhani kwamba kikosi chake kilishindwa. Historia ya kikosi humwonyesha kazi yake ilivyoungana na kazi ya wengine asiowaona. Na kitabu nacho, kisipopata maneno ya mzee, kitajua kwamba brigedi "ilipangwa upya" lakini hakitajua kwamba kupangwa huko kulikuwa ni kuitana majina majini. Mmoja pasipo mwenziwe ni nusu.

Yako pia mambo ya kujihadhari. Usimtie mzee maneno kinywani kwa kumwambia kwanza yaliyomo kitabuni. Msikilize kabla hujamsomea. Mzee mmoja akisema jambo na kitabu kikisema jingine, yaandike yote mawili. Usimlazimishe aseme habari za waliokufa. Akinyamaza, heshimu kimya chake, na umwulize siku nyingine habari za chakula au za nyimbo. Tena usimtafutie mzee wako ushujaa asiokuwa nao. Kuogopa makombora si aibu, na kuificha hofu hiyo ni kuupunguza ukubwa wa kitendo cha kurudi barabarani.

Askari wetu wengi waliofia vitani wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Lakini waliorudi wamo majumbani mwetu, na wale waliokuwa vijana wa miaka ishirini sasa wamepita sitini. Wahenga walisema, akiba haiozi. Lakini akiba iliyo kichwani mwa mtu huzikwa naye. Muhula huu utakapofungwa, kila mmoja wetu mwenye mzee wa namna hiyo na achukue daftari moja na kalamu. Aanze na swali dogo tu: "Baba, mlipofika Kagera, daraja lilikuwaje?"