Mvua, Nyasi na Moto katika Uwanda wa Serengeti

Watu wengi hudhani kwamba mwaka wa ukame ndio mwaka wa moto. Katika uwanda wa Serengeti mara nyingi mambo huwa kinyume. Mvua zikinyesha vyema tangu Novemba hadi Mei, kiangazi kifuatacho, yaani kati ya Juni na Oktoba, ndicho cha kuogopwa. Chakula kikuu cha moto wa mbugani si miti bali nyasi, na nyasi ni zao la mvua. Ukame mkali huzikausha, lakini pia huzizuia kumea, hata vikabaki vishina vilivyotawanyika juu ya udongo mtupu. Moto ukifika hapo hukosa njia.

Hata hivyo, wingi wa nyasi peke yake si hatari. Jani bichi limejaa maji, na aghalabu maji hayo huwa mazito kuliko jani lenyewe likaushwapo. Kabla jani halijawaka, joto la moto halina budi kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, na kazi hiyo huumaliza nguvu. Mvua zikoma, majani hunyauka na kufa. Tangu hapo unyevu wake hautegemei tena udongo, bali hewa. Jani lililokufa ni jembamba, hivyo hunyonya unyevu na kuupoteza katika muda wa saa moja au mbili tu. Ndiyo maana uwanda uliolowa umande alfajiri, usioshika moto hata ukichochewa, waweza kuwaka kwa cheche moja ifikapo saa nane mchana. Gogo nene huhitaji siku nyingi kukauka. Nyasi hazina subira hiyo.

Upepo nao hufanya kazi mbili: huleta oksijeni, tena huinamisha ndimi za moto mbele na kuzikausha nyasi ambazo hazijafikiwa. Moto uendao na upepo waweza kumshinda mbio mtu mzima, lakini ule unaokabili upepo hutambaa polepole.

Na cheche hutoka wapi? Radi huja pamoja na mvua, kwa hiyo huwasha mioto michache. Mingi huwashwa na watu: wafugaji wanaotaka majani mapya, wawindaji haramu, na hata wahifadhi wenyewe, ambao huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo, ili moto uwe mdogo na uache mabaka yasiyoungua.

Lakini Serengeti si moja. Upande wa kusini-mashariki, karibu na nyanda za juu za Ngorongoro, mvua ya mwaka ni kama milimita 500. Udongo wake umetokana na majivu ya volkeno, na chini yake mna tabaka gumu linalozuia mizizi. Basi nyasi huwa fupi. Tena nyumbu huhamia huko wakati wa mvua na kuzila zingali changa. Kiangazi kikifika hapana cha kuungua. Kaskazini-magharibi mvua huweza kuzidi milimita 1,000, nyasi hurefuka nyumbu wakiwa mbali, na huko ndiko moto hupita mara kwa mara.

Hapa pana jambo ambalo hali ya hewa peke yake haiwezi kulieleza. Ugonjwa wa sotoka, uliofika Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, uliua ng'ombe na nyumbu kwa wingi, na kwa miongo kadhaa ukaendelea kuwaua ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ugonjwa ulitoweka pia kwa wanyama wa porini. Nyumbu, ambao mwaka 1961 walikuwa kiasi cha robo milioni, walifikia takriban milioni 1.4 mwaka 1977. Nyasi zilizokuwa zikibaki kuungua sasa zililiwa. Eneo lililoungua kila mwaka lilipungua sana, na miche ya migunga, ambayo zamani iliunguzwa kabla haijapita kimo cha ndimi za moto, ikapata nafasi ya kuwa miti. Sindano aliyochomwa ng'ombe ilipunguza moto mbugani! Kinyume chake chawezekana pia: njia za nyumbu zikizibwa, au wakiwindwa kupita kiasi, nyasi zitabaki zimesimama na moto utarudi, hata kama mvua haitabadilika.

Unyevu wa nyasi waweza kupimwa shuleni. Wanafunzi wakate fungu la nyasi, walipime mara moja kwa mizani ya maabara, walikaushe kabisa katika joto la wastani, kisha walipime tena. Fungu la gramu 100 likibaki gramu 40, maji yaliyotoka ni gramu 60, yaani asilimia 150 ya uzito mkavu. Nyasi kama hizo haziwaki kwa urahisi. Nyasi zilizokufa zikiwa na unyevu wa kama robo ya uzito mkavu, moto huenda kwa shida. Zikishuka hadi asilimia 10 hatari ni kubwa. Vipimo vichukuliwe asubuhi na saa nane mchana, mahali pale pale, kila juma tangu mvua zikomapo.