MICHORO INAYOMJIBU MSOMAJI: Namna ya Kuiweka katika Kurasa za Wavuti pasipo Kuufunga Ujumbe

Utangulizi

Vyuo, dayosisi na sharika nyingi siku hizi zina kurasa zao za wavuti, na walimu wengi huweka humo masomo yao. Mara nyingi anayekabidhiwa kazi hiyo ni mchungaji au mwanafunzi ambaye hakusomea mambo ya kompyuta. Naye huombwa aweke kitu cha kuvutia: ramani inayofunguka ikiguswa, picha zinazosogea, maandiko yaliyopangwa kwa safu kama gazeti. Maombi hayo si mabaya, kwa maana mchoro mzuri waweza kufundisha jambo ambalo aya tatu zingelifundisha kwa shida.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mambo hayo yafanywavyo, na kwa nini mengi yaliyofanywa kwa bidii miaka iliyopita hayafunguki tena. Hoja yetu ni moja: mchoro unaomjibu msomaji, na mpangilio wa pekee wa ukurasa, havina budi kuwekwa juu ya ukurasa ambao umekwisha kusema neno lake lote bila hivyo. Tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani ramani ya safari ya kwanza ya Mtume Paulo, kama ielezwavyo katika Matendo ya Mitume 13 na 14.

1. Matabaka matatu ya ukurasa

Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la wavuti mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba kila mtu aweza kuitumia teknolojia hiyo bila malipo. Lugha yake ya HTML ilikusudiwa kueleza kila kipande cha andiko ni kitu gani: kichwa, aya, orodha, au kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Haikukusudiwa kueleza kipande hicho kikae wapi wala kiwe na rangi gani.

Watu walipotaka safu na pambizo, na njia ya kuzipata haikuwapo, walitumia majedwali. Jedwali, ambalo kazi yake ni kuonyesha takwimu, likageuzwa kuwa fremu ya kushikilia ukurasa mzima. Kwa macho matokeo yalipendeza. Lakini programu inayomsomea ukurasa kwa sauti mtu asiyeona hufuata jedwali kisanduku baada ya kisanduku, na mara nyingi habari moja ilikatwa katikati na nyingine ikaingia.

Dawa ilipatikana kwa kutenganisha kazi. Mwezi Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, mtaalamu kutoka Norwe, alipendekeza lugha ya pili, CSS, ya kueleza sura ya ukurasa peke yake. Toleo lake la kwanza liliidhinishwa tarehe 17 Desemba 1996. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alikuwa ametunga JavaScript, lugha inayouwezesha ukurasa kutenda jambo msomaji anapobofya au kuandika.

Basi tunayo matabaka matatu: HTML hubeba neno, CSS hulipa umbo, JavaScript hulipa mwendo. Ukurasa uliojengwa vema waweza kuvuliwa tabaka la tatu, kisha la pili, na msomaji bado akapata habari yote. Usiofaulu jaribio hili una kasoro, hata uwe mzuri namna gani.

2. Funzo la Flash

Katika historia ya wavuti hakuna jambo linaloonyesha hatari hii kwa uwazi kuliko Flash. Programu hiyo ilianza kwa jina la FutureSplash mwaka 1996, ikanunuliwa na kampuni ya Macromedia, na baadaye Macromedia yenyewe ikanunuliwa na Adobe mwaka 2005. Kwa muda mrefu, aliyetaka picha zinazosogea na kumjibu msomaji alitumia Flash. Kazi nyingi za elimu zilitengenezwa hivyo, na wengine walijenga tovuti nzima ndani yake, maandiko na yote.

Shida ilikuwa kwamba kivinjari hakikujua kilichomo ndani ya faili la Flash; kilihitaji programu ya nyongeza ya kampuni moja. Simu ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, haikuikubali programu hiyo, na mwezi Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka wa wazi akieleza sababu. Mwezi Julai 2017 Adobe yenyewe ilitangaza kwamba itaacha kuitunza. Huduma ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ilikataa kufungua chochote.

Sehemu ya kazi hizo imeokolewa, kwa kuwa tangu Novemba 2020 hifadhi ya Internet Archive hutumia programu inayoiga Flash. Lakini ambaye kazi yake haikuhifadhiwa na mtu, somo lake limefungwa pamoja na mapambo yake. Kinyume chake, kurasa za mwanzo za CERN, zilizoandikwa kwa HTML tupu, hufunguka hata leo katika simu ya mkononi.

3. Kuujenga mchoro

Tuirudie ramani yetu. Kazi haianzi na ramani. Inaanza na orodha. Tunaandika kwa HTML majina ya miji kwa utaratibu wa safari: Antiokia ya Shamu, Seleukia, Salami, Pafo, Perge, Antiokia ya Pisidia, Ikonio, Listra, Derbe. Kisha marejeo: Listra, Ikonio, Antiokia ya Pisidia, Perge, Atalia, na mwisho Antiokia ya Shamu. Chini ya kila mji tunaweka aya ya maelezo na sura ya Biblia inayohusika. HTML ya leo inacho hata kipengele cha kufungua na kufunga maelezo kwa kubofya, pasipo JavaScript yoyote. Tukiishia hapo, tayari somo limekamilika.

Ndipo tunaweka mchoro. Njia zilizo kuu ni mbili. Ya kwanza ni SVG, iliyoidhinishwa mwaka 2001, ambayo huueleza mchoro kwa maandishi: mstari uanzie nukta hii uishie nukta ile, duara liwe mahali hapa. Ya pili huitwa canvas, iliyoanzishwa na Apple mwaka 2004. Hii ni kama ubao ambao JavaScript huchora juu yake. Canvas yafaa panapo maelfu ya vitu vinavyosogea kwa haraka. Lakini kilichochorwa humo kivinjari hukiona kuwa rangi tu. Katika SVG kila mji hubaki kuwa kitu kinachojulikana: waweza kupewa jina, kufanywa kiungo, na kufikiwa kwa kibodi. Kwa ramani kama yetu, SVG ndiyo ifaayo.

Kuna faida nyingine. Picha ya kawaida yenye upana wa nukta 1,000 na urefu wa nukta 800 ina nukta 800,000. Kila nukta ikichukua baiti 3, ni baiti 2,400,000 kabla haijabanwa. Miji kumi na mistari inayoiunganisha huandikwa katika SVG kwa herufi elfu chache, nayo hubaki safi hata ikikuzwa mara kumi. Kwa mwanafunzi anayenunua kifurushi kidogo cha intaneti, tofauti hiyo ni fedha.

JavaScript huja mwisho, na kazi yake ni ndogo: msomaji akigusa Listra katika ramani, aya ya Listra katika orodha ifunguke. Ikishindwa kupakuliwa, orodha ipo.

4. Mpangilio wa ukurasa

Kuhusu safu, majedwali hayahitajiki tena. Tangu Machi 2017 vivinjari vikubwa vilianza kupokea sehemu ya CSS iitwayo Grid, ambayo hugawa ukurasa kwa safu na mistari. Twaweza kuagiza ramani ichukue sehemu mbili za upana na orodha sehemu moja. Twaweza pia kuagiza kwamba kioo kikiwa chembamba, kama cha simu, vyote vishuke katika safu moja. Utaratibu huo wa ukurasa kujifinyanga kwa kadiri ya kioo ulipewa jina na Ethan Marcotte mwezi Mei 2010, na leo ndio desturi.

Hapa iko hatari ambayo wengi hawaioni. Grid yaweza kukiweka mbele ya macho kipande kilichoandikwa mwisho katika HTML. Lakini programu isomayo kwa sauti, na msomaji apitaye kwa kibodi, hufuata utaratibu wa HTML. Miji ikipangwa vizuri kwa macho huku imevurugika katika maandishi ya ndani, wasomaji wawili watasafiri na Paulo kwa njia mbili tofauti. Utaratibu wa maana yafaa uwekwe katika HTML, na CSS iufuate.

5. Wasomaji tusiowaona

Kanuni za kimataifa za kurasa zinazofikika na watu wote zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Kwa ajili ya makala haya manne yatosha. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi. Rangi peke yake isibebe maana: njia ya kwenda ikiwa nyekundu na ya kurudi kijani, wako watu wasiozitofautisha, basi moja iwe mstari wa nukta. Kisichofikika kwa kibodi kihesabiwe kuwa hakipo. Na chochote kisimemeteke zaidi ya mara tatu katika sekunde moja, kwa sababu mmemeteko waweza kumletea mtu kifafa.

Tunaongeza la majina. Katika ramani yetu zimo Antiokia mbili. Mwenye kuona huzitofautisha kwa mahali zilipo. Asiyeona atasikia "Antiokia" na tena "Antiokia", asijue Paulo amefika wapi. Jina kamili la mji laondoa mashaka.

6. Mchoro nao hufasiri

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka Agano Jipya la Luther la Septemba 1522. Michoro ya karakana ya Lucas Cranach katika kitabu cha Ufunuo ilimvika yule mwanamke wa Babeli taji la ngazi tatu, kama la Papa. Katika toleo la Desemba mwaka huo huo taji hilo lilipunguzwa. Maneno ya Yohana hayakubadilika. Kilichobadilika ni ufafanuzi wake kwa picha.

Ramani yetu nayo hufasiri. Ikichora mstari wa kwenda peke yake, msomaji ataona safari ya kueneza habari. Ikichora na marejeo, ataona kwamba kutoka Derbe mitume walirudi katika miji ileile walikopigwa na kufukuzwa, ili kuwaimarisha wanafunzi na kuwawekea wazee (Mdo 14:21-23). Uamuzi huo haumo mikononi mwa fundi wa kompyuta. Ni wa mwalimu, na yampasa aufanye kabla fundi hajaanza kuchora.

Hitimisho

Tunapendekeza basi kwamba kila anayekabidhiwa ukurasa wa chuo au usharika aandike kwanza maneno yote kwa HTML, ayasome mwenyewe katika simu ya bei nafuu, na ajaribu kuyapitia kwa kibodi peke yake. Akiridhika, aweke CSS. Kisha mchoro wa SVG pale ambapo wafundisha. Na JavaScript kwa kiasi. Asihifadhi kazi yake katika muundo unaotegemea kampuni moja. Nakala ya maandiko na ya mchoro viwekwe pia katika maktaba ya chuo, ili atakayeshika kazi hiyo baada yake asianze upya.