Merikebu Iliyozikwa Mara Mbili

Je, wajua ya kuwa mbele ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa, chini ya maji yanayokatwa kila siku na mashua za wavuvi, imelala merikebu ya vita ya Kireno ambayo wataalamu waliifukua, wakaipima ubao kwa ubao, kisha wakairudisha kaburini mwake kwa hiari yao? Sisi tukaao Eldoret, mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambao maji yetu tuyaonayo kila siku ni ya Mto Sosiani, huenda tukadhani habari hizi ni za watu wa pwani peke yao. Lakini kazi ya mzamiaji inao uhusiano na mwinuko wetu huu, nami nitaueleza mahali pake.

Jina la merikebu ni Santo António de Tanná. Iliundwa kwa mbao za msaji huko Bassein, karibu na Bombay, yapata mwaka 1681, ikawa na mizinga 42. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Imamu Seif bin Sultan wa Omani yaliihusuru ngome ya Mombasa, na waliokuwamo ndani, Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao, walifishwa zaidi na maradhi na njaa kuliko walivyofishwa na risasi, hata ikafika siku ambayo, wakuu wa Kireno wakiisha kufariki, amri ya ngome ilikuwa mkononi mwa Bwana Daud wa Faza. Hilo ni jambo ambalo wengi wasimuliao vita hivyo hulipita upesi, nami naona halistahili kupitwa. Merikebu hii ilikuja kutoka Goa kuleta msaada, ikaondoka, ikarudi tena mwaka 1697. Na mwezi wa Oktoba, ikiwa imetia nanga chini ya ngome, amari zake zilikatika, ikachukuliwa na maji, usukani ukapotea, ikazama. Ngome yenyewe iliangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698.

Merikebu ikakaa chini ya maji muda wa miaka 270 hivi, mpaka katika miaka ya 1960 wazamiaji wawili wakaazi wa Mombasa, Conway Plough na Peter Phillips, walipoikuta na kumpasha habari James Kirkman, yule bingwa wa athari za kale aliyechimba Gedi na ngome yenyewe. Toka mwaka 1977 wazamiaji wa Taasisi ya Akiolojia ya Baharini ya Marekani, wakiongozwa na Robin Piercy, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walishuka msimu baada ya msimu kuifukua.

Na hapa ndipo mwili wa mwanadamu unapoingia katika hadithi. Kila mita 10 za maji humwongezea mzamiaji uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya pwani. Naye, kwa kuvuta hewa iliyoshindiliwa, hujaza damu na nyama zake gesi ya nitrojeni, ambayo akipanda taratibu humtoka kwa pumzi bila madhara, lakini akiharakisha hufanya mapovu ndani ya mwili, kama yatokavyo katika chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kumlemaza au kumwua. Basi hewa ya Eldoret uzito wake ni kama nne kwa tano tu ya ile ya Mombasa. Mtu aliyezamia asubuhi, akapanda ndege jioni kuja kwetu, au akashika njia ya gari ipitayo Timboroa, ambako ni juu zaidi, huwa anaendelea kupanda kutoka baharini bila kujua. Kwa sababu hiyo wazamiaji huagizwa wasisafiri kwa ndege mpaka zipite saa 12 walau baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ikiwa wamezamia mara nyingi. Nasi wa nyanda za juu, ambao tukishatua hewa yetu hubaki kuwa nyepesi, ndio tupaswao kuwapa wageni wetu onyo hili kwanza.

Waliyoyapata wafukuaji hayakuwa hazina ya dhahabu, nami nafurahi kuwa hayakuwa, kwani dhahabu huwaita wezi: yalikuwa magogo ya mpingo, sahani za Kichina, mitungi, shanga, makapi ya kamba, risasi za mizinga. Kila kimoja kiliandikwa mahali kilipolala kabla ya kuguswa, maana kikombe kilichookotwa omo na kilichookotwa tezi havisemi neno moja. Akiving'oa mtu kwa pupa, hubaki na vyombo viwili vizuri na habari hana.

Ila swali zito lilikuwa la mwili wa merikebu. Mbao zilizokaa majini karne tatu huonekana nzima, kumbe utumbo wake umeliwa na nafasi imeshikwa na maji. Zikikauka hujikunja na kupasuka. Waswidi walipoiibua Vasa mwaka 1961, merikebu iliyozama Stockholm mwaka 1628, iliwabidi kuinyunyizia dawa iliyo kama nta muda wa miaka 17, nao walibahatika kuwa na bahari isiyo na chumvi nyingi, ambamo yule kiumbe wa jamii ya chaza, mwembamba kama mnyoo, atoboaye mbao za vyombo, haishi. Katika bahari yetu yuko tele, na manahodha wa majahazi walipaka deheni kwa kumwogopa. Iliyoiokoa Santo António ni tope, ambalo halipitishi hewa, na pasipo hewa mdudu huyo hawezi kuishi.

Kwa hiyo vitu vilivyochukulika vilipandishwa ngomeni, vikatolewa chumvi kwa maji matamu, navyo vimewekwa makumbushoni humo wavione watu. Na mbao za merikebu, zilipokwisha kupimwa na kuchorwa, zilifunikwa upya kwa mchanga na tope palepale zilipokuwa zimelala tangu mwaka 1697.